Mlio Katika Gari la Baba Mkwe

Vijana wa gereji, mnanichekesha mnapochomeka waya chini ya usukani na kukaa mkisubiri kompyuta iwaambie gari linaumwa nini. Sisemi ni vibaya. Enzi zetu, Mwingereza akiwa bado anatawala, ningekipata kidude kama hicho ningelala nacho. Lakini mmeniomba niwasimulie habari za milio ya injini, na mlio ninaoukumbuka kuliko yote hata kompyuta yenu isingeupata, maana haijui mambo ya ukwe. Ulikuwa kwenye gari la baba mkwe wangu. Nusura uondoke na roho ya mama mkwe, na dereva nilikuwa mimi, na fundi nilikuwa mimi. Kuna sehemu za habari hii ambazo mpaka leo huzisimulia nikiangalia chini, kwa hiyo mtanivumilia.

Kazi nilijifunza Njombe, mtaa wa Ramadhani, kwenye banda la mabati la fundi aliyeitwa Saidi. Saidi alikuwa mtu wa Tabora. Magari alijifunzia jeshini wakati wa vita vya Hitla, akaishia kwetu kwa sababu lori alilokuwa akiliendesha liliharibika hapo, naye akapata mke kabla hajapata spea. Baridi yetu hakuizoea mpaka alipozeeka. Asubuhi za mwezi wa saba, umande umeganda juu ya majani, yeye ndiye wa kwanza kuchochea makaa. Tuliyaweka kwenye karai na kulisukuma chini ya injini ili oili ilainike, kwa sababu oili ya baridi ile ilikuwa nzito kama uji wa jana, na ungeweza kuning'inia kwenye hendeli ya kuwashia mzima mzima injini isigeuke. Mimi hendeli iliwahi kunirudi kidevuni, na alama yake ndiyo hii mnayoiona.

Kusikiliza alitufundisha kwa kipande cha mwanzi kilichotobolewa, kama kile cha kukingia ulanzi, pombe ya mwanzi. Ncha moja unaigusisha kwenye injini, nyingine unaiweka sikioni, kisha unahamahama taratibu. Valvu hulia juu na kwa haraka, kama cherehani. Pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi na kunyamaza ikipata joto. Beringi iliyokwisha hugonga kwa chini, kwa sauti nzito, na huzidi gari linapopanda mlima. Saidi hakutaka mtu ashike spana kabla hajamaliza kusikiliza, na mimi nilikuwa na mikono ya haraka.

Mikono hiyo iliniaibisha mapema. Mwalimu mmoja kutoka upande wa Kidugala alileta gari lake akilalamika kuwa linagonga kila linapokata kona. Nikalishukia gurudumu la mbele, nikafungua kila kinachofunguka, nikapaka grisi mpaka kwenye nyusi, nikafunga. Kona ya kwanza, likagonga. Saidi akaufungua mlango wa nyuma, akautikisa kama mtu anayepepeta maharage, kisha akatoa ubao wa ndani. Zikamwagika kokwa za mapichi. Watoto wa mwalimu walikuwa wanakula mapichi njiani na kutumbukiza kokwa kwenye upenyo wa kioo. Banda zima likacheka, na kwa muda mrefu nikaitwa Kokwa. Ile ilikuwa aibu ya kucheka nayo. Ninayowasimulia sasa haikuwa ya namna hiyo.

Baba mkwe wangu, mzee Luka, alikuwa na duka na hoteli ya chai Makambako, pale njia ya Njombe inapoachana na barabara kuu. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mtu wa koti la sufu hata jua likiwaka. Gari alilinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga shamba lake arudi kwao. Lilikuwa dogo, jeusi, la milango minne, na limetumika vya kutosha. Aliniita nilikague kabla ya kulichukua. Nilifungua boneti, nikasikiliza injini kwa mwanzi wangu, nikaikuta inapumua vizuri. Chini sikuingia. Ilikuwa Jumapili, nilikuwa nimevaa suti yangu ya harusi, na wakwe zangu wote walikuwa wamesimama wakinitazama. Nikasema ni gari zuri. Mzee akafurahi, akanipa mkono mbele ya watu.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo nyinyi mnaokaa sebule moja na wakwe zenu mmelisahau. Kwetu Wabena wa wakati ule, mtu na mama mkwe wake walistahiana kwa kukaa mbali. Hamtazamani usoni, hamli chombo kimoja, hampeani kitu mkono kwa mkono. Mkikutana kwenye kijia, mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Ukitaka kumwambia jambo, unamwambia mkeo, naye anafikisha. Haikuwa chuki hata kidogo. Mimi nilimpenda mama yule, maana ndugu wa mke wangu Eliza walitaka aolewe na karani, na ni yeye mama yake aliyesema binti apewe anayemtaka. Heshima niliyomwekea ilikuwa kubwa kuliko niliyomwekea mtu yeyote duniani. Ila waliotuwekea desturi ile hawakuwa wamefikiria gari dogo la milango minne.

Mzee Luka alijua kuendesha, lakini kuendesha kwa Makambako tu, dukani na kanisani. Milima ya kwenda Njombe ilimtisha. Eliza alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, wazee walitaka kuja kumwona mjukuu, nikashuka Makambako na lori la magome ya miti ya miwati, niwaendeshe kwa gari lao. Mzee alikaa mbele kushoto kwangu, dirisha wazi, kila tukipita watu anatoa kichwa anasalimu, kamwene, kamwene, ili waone ni nani anapita. Mama alikaa nyuma. Mimi nilikuwa nimekwisha kukigeuza kioo cha dereva kikatazama juu, ili nisimwone hata kwa bahati mbaya. Sikujua amekaa upande gani, na wala halikuwa jambo la kuuliza.

Tulipoanza kupanda, gari likaanza. Ngo, ngo, ngo, ngo. Nikikanyaga mafuta linazidi, nikiachia linapungua. Mzee akanitazama. Mimi nikapunguza mafuta, maana mlio wa namna ile, wa chini, unaozidi mlimani, ni beringi, na beringi ikifa njiani injini nayo imekwenda. Nikasimama, nikazima. Mama, kwa heshima yake, akashuka mara moja akaenda kukaa majanini, ametupa mgongo, amejifunika kanga kichwani, ili mimi nifanye kazi bila kubanwa. Nikafungua boneti, nikawasha. Kimya. Nikavuta mafuta kwa mkono mpaka injini ikapiga kelele. Kimya vilevile. Nikasema labda imepoa. Tukapanda, tukaondoka, mlio ukarudi.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa anaumwa kichwa na hakula. Eliza alisema ni uchovu wa safari. Baada ya siku chache alikuwa mzima kabisa, anambeba mjukuu na kumwimbia. Wakati wa kurudi Makambako, gari likagonga tena, na mama akaumwa tena.

Basi nikaifungua injini ile. Niliikuta safi, lakini kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumwambia mzee ni beringi, nikabadili beringi. Nikalijaribu mwenyewe mpaka nusu ya njia ya Njombe, likaenda kama limezaliwa jana. Nikamrudishia mzee kifua mbele. Yeye akaendesha Makambako na mkewe pembeni yake kwenye kiti cha mbele, wiki baada ya wiki, halikutoa hata mguno. Kisha akanialika niwapeleke tena Njombe, nikashika usukani, mama akaingia nyuma, na kabla hatujafika mbali, ngo, ngo, ngo.

Nikaifungua mara ya pili. Hapo nilikuwa simsikilizi mtu. Nikaweka viroba vya viazi kwenye kiti cha nyuma nione kama ni uzito, nikavipanga katikati vizuri visichafue milango, likanyamaza. Mwishowe Saidi mwenyewe akashuka Makambako na mwanzi wake. Akasikiliza kwa utulivu, akaendesha, akarudi, akamwambia mzee mbele yangu na mbele ya wateja waliokuwa wanakunywa chai, "Injini hii nzima. Kilichobaki ni miguu ya dereva." Kuanzia siku ile, kila nilipoendesha, mzee Luka alikuwa haangalii barabara. Alikuwa anaangalia miguu yangu. Nilikuwa fundi, mkwe wa mtu mkubwa, na gari lililia nikilishika mimi tu. Nilianza kuogopa hata kufika hotelini kwake, maana nilijua watu wananong'ona.

Huku nyuma kichwa cha mama kilikuwa kinazidi. Kikawa kichwa na kutapika. Mzee akaamua awe anapelekwa kwa daktari wa misheni, huko mbele ya Njombe. Wa kumpeleka ni nani? Ni mimi. Daktari anampima, anamkuta hana malaria wala nini, anampa vidonge, anamlaza. Akilala huko anapona. Tukimrudisha anaugua njiani. Tukimpeleka tena anafika hawezi kusimama. Watu wakaanza kusema kuna mkono wa mtu. Eliza alikuwa analia jikoni. Niliwahi kumwuliza Eliza, mama anajisikiaje hasa akiwa ndani ya gari, na Eliza akasema mama hataki kuzungumzia hilo. Nikaliacha. Alikuwa mama mkwe wangu, ningemhojije?

Siku yenyewe tulikuwa tunapanda, upepo wa baridi, vumbi jekundu. Vioo vya nyuma mama alikuwa amevifunga. Mimi dirisha langu lilikuwa wazi kwa ajili ya kutoa mkono wa ishara, na la mzee lilikuwa wazi kwa ajili ya salamu zake. Mlio ulikuwa mkali kuliko siku zote. Nyuma kulikuwa kimya, lakini nyuma kulikuwa kimya kila siku, kwa sababu mama hakuwa akisema neno mbele yangu. Ndipo nikahisi vitu vinagonga visigino vyangu. Vilikuwa viazi vya kuchemsha, chakula chetu cha njiani, vinabingirika kutoka nyuma mpaka kwenye klachi.

Nikamwambia mzee, "Baba, nadhani mama ameangusha kikapu."

Mzee akageuka. Akamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Hakuitika. Nikavuta breki ya mkono, nikaruka nje, injini nikaiacha inaunguruma. Nikaufungua mlango ulio nyuma yangu, na mama mkwe akakosa cha kumshikilia. Alikuwa ameuegemea kwa uzito wote, kichwa kimelala upande, midomo imebadilika rangi. Nikamzuia kwa goti asianguke. Kwa goti, vijana, maana mikono nilikuwa nimeiinua juu.

Hapo ndipo ninapoangalia chini. Mzee wa watu alikuwa anahangaika upande wa pili, mlango wake wa nyuma ulikuwa mgumu siku zote. Mimi nilikuwa na nguvu za ng'ombe, nimesimama hapo, na nilichokuwa nafanya ni kutazama barabarani kama kuna mwanamke anakuja amshike. Walikuwapo wanawake, mbali, wanatoka sokoni na mizigo kichwani. Nikawapungia mkono wakimbie. Nilikuwa nawasubiri. Mtu anakata roho kwenye goti langu na mimi nasubiri wanawake watue mizigo.

Mzee akaniona. Akaja akizunguka gari, koti limemning'inia, akasema kwa sauti ndogo sana, "Mtoe. Aibu yake nitaibeba mimi."

Nikaingiza mikono. Mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya magoti, nikamwinua kama unavyomwinua mtoto aliyelala. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Na alipotoka kwenye kile kiti, gari likainuka kidogo upande ule, kama mtu aliyetua mzigo, na mlio ukakatika.

Nilisimama na mama mkwe mikononi, injini inaunguruma, haigongi. Sikuwa nimeizima. Sikuwa nimefungua boneti. Haikuwa imepoa wala haikuwa imepumzika. Kilichotoka ndani ya gari ni mtu mmoja tu, na mlio ulikuwa umetoka pamoja naye. Nikaelewa pale pale, na pua yangu ikanusa moshi unaotoka kwenye kiti.

Nilimpeleka majanini kwenye upepo, bado nimembeba. Mzee akampepea kwa kofia. Baada ya muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, akavuta pumzi kwa kukwama, akakohoa, akafumbua macho. Yalikutana na yangu, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Akaangalia wanawake waliokuwa wanakuja mbio.

Akasema, "Niweke chini, baba. Watu wanatuona."

Nilimweka. Wanawake wakamzunguka, wakamfunika, wakampeleka kwenye nyumba ya karibu kumpa maziwa. Mimi nikaingia chini ya lile gari, mahali nilipotakiwa kuingia siku ile ya suti. Springi ya nyuma kulia ilikuwa na jani, bamba moja la chuma, lililovunjika, kwa hiyo mtu akikaa pembe ile bodi inashuka. Kishikio cha bomba la moshi kilikuwa kimekatika, na bodi ikishuka inalalia bomba. Bomba hutetemeka pamoja na injini, basi linagonga sakafu kwa mwendo wa injini, na kwa kuwa limefungwa kwenye injini huko mbele, mlio unasafiri unakuja kusikika mbele. Kugonga kule kulikuwa kumepasua bomba, na juu ya ule ufa, chini kabisa ya kiti, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Mama alikuwa anakalia moshi. Tulikuwa tunampeleka kwa daktari kwa kitu kile kile kilichokuwa kinamuua.

Nitawaachia na kazi kidogo, maana mlikuja kwa ajili ya kazi. Bomba la moshi likikutia shaka, chukua kitambaa kilicholowa, ziba mwisho wake kwa muda mfupi injini ikiwa inakwenda polepole, na mwenzako asikilize chini. Palipopasuka patapiga mluzi. Na mlio unaopotea ukisimama, usiangalie injini peke yake. Angalia nani ameshuka, na alikuwa amekaa wapi. Mimi bomba lile nililifunga siku hiyo hiyo kwa waya na bati la debe. Baadaye nikaweka springi mpya na sakafu mpya. Halikugonga tena mpaka mzee alipoliuza.

Mambo ya ukwe nayo yalitakiwa kutengenezwa. Huwezi kumbeba mama mkwe wako barabarani halafu ukaendelea kula ugali kama hakuna kilichotokea. Nilipeleka mbuzi na kitambaa Makambako, wazee wakakaa, mzee Luka akasema aliyetoa amri ni yeye. Wakakubaliana kwamba mimi na mama tumekwisha kushikana, kwa hiyo tunaweza kusalimiana na kuongea, kwa adabu. Kisha wakatuacha barazani, yeye kwenye mkeka na mimi kwenye kigoda, Eliza katikati akiwa na mtoto, ili tuzoee.

Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi niliyokuwa nimeyapanga tangu Njombe, nikayasahau yote. Nikaweza kumwuliza kitu kimoja tu, nikiangalia mkeka. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kumwambia hata Eliza kwamba kile kichwa kilikuwa kinamwanza ndani ya gari, na kinaisha akishuka.

Akamrekebisha mtoto kanga kwanza. Akasema, "Baba, mimi nilijua ni adhabu. Nilijua ni kwa sababu nakaa karibu na mkwe wangu. Ndiyo maana kilipozidi kuuma, nilizidi kujibana kwenye ile pembe, nyuma ya mgongo wako, ambako macho yako hayanifikii."

Niliinuka, nikatoka nje, nikalala chini ya gari na spana mkononi, ingawa halikuwa na ubovu wowote, na nikakaa huko mpaka Eliza aliponiita kula.